Jinsi ya kuwa ripota wa burudani wa TV mpaka ukalie kiti cha jaji, ukianzia huku huku Mbeya

Nianze na kiti chenyewe maana ndo wengi mnachokitaka. Ukiangalia mashindano ya vipaji ya kwenye TV majaji huwa watatu au wanne, na ukitulia utaona hawapangwi ilimradi tu. American Idol ilipoanza Marekani 2002 alikaa Simon Cowell mtu wa kampuni za kurekodi, Randy Jackson mpiga besi na prodyuza, na Paula Abdul mwimbaji na mcheza dansi. Bongo Star Search ile tuliyokuwa tunaenda kuiangalia kwa jirani mwenye TV, alikaa Madam Rita mwenye shoo yake, Master J prodyuza, na Salama Jabir ambaye ni mtangazaji, huyu huyu aliyekuja kutuletea kipindi cha Mkasi pale EATV. Njoo East Africa's Got Talent ya 2019: Jeff Koinange mwandishi wa habari, Gaetano Kagwa mtu wa redio, DJ Makeda, na Vanessa Mdee wetu ambaye kabla hajaanza kuimba tulimjua kama mtangazaji wa MTV Base.

Umeona? Kwenye haya ya kwetu kuna kiti ni cha mtu wa media. Aliyekaa hapo haimbi wala hatengenezi biti, kazi yake ni kusikia kama anavyosikia mama aliyekaa nyumbani na wajukuu, alafu aweze kueleza alichosikia kwa maneno ambayo mama na yule kijana stejini wote watayaelewa. Hiyo ni kazi ya ripota. Kwahiyo njia ya kukifikia kile kiti ni kuripoti kwanza, kwa miaka, na sio kutafuta umaarufu alafu uombe ujaji.

Mimi nimeripoti burudani Mbeya na Iringa miaka mingi na ujaji nimefanya wa ngazi ya wilaya na mkoa, na mara ya kwanza kuitwa sikuitwa kwasababu ya sura. Promota mmoja alikuwa ananiona kila shoo nimekaa pembeni naandika, siku moja akaniuliza kuhusu dada mmoja wa Mwanjelwa anayeimba, nikafungua daftari nikamwambia huyu nimemsikia mara tatu, mara ya kwanza alikuwa anakimbilia biti, mara ya tatu ametulia ila anaogopa noti za juu. Jamaa akanyamaza kidogo, alafu akasema Jumamosi ijayo njoo ukae na majaji. Daftari ndo lilinipeleka, na nitalirudia tena huko mbele.

Usikimbilie Dar kwanza

Najua mnavyowaza. Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800, unaona kila kitu kiko huko, vituo vingi vikubwa vya TV viko huko, basi unauza simu unapanda basi la alfajiri unashuka huko hujui mtu. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo na wamerudi wamechoka. Dar kuna maripota wa burudani wamejaa kwenye kila uzinduzi wa wimbo, wanamhoji msanii yule yule swali lile lile. Huku kwetu kuna shoo nzima inafanyika Tukuyu au Mafinga na hakuna hata kamera moja. Rayvanny ni mtoto wa Mbeya, alikuwa anarap kabla hajaingia WCB, lebo ya Diamond, na kabla ya tuzo yake ya BET ya 2017. Sasa jiulize ni maripota wangapi wana sauti yake ya wakati ule. Yule anayerekodi watoto wa leo wa Soweto na Ilemi za hapa Mbeya ndo atakuwa na kitu ambacho Dar hawana, na wao ndo watampigia simu.

Anza na redio. Nyanda za juu tuna bahati ya redio nyingi za mkoani, Iringa kuna Ebony FM na Nuru FM, Njombe kuna Uplands na Kings, Rungwe kuna Chai FM, Mbeya mjini ziko kadhaa. Redio itakufundisha kitu ambacho TV haikufundishi, kujaza ukimya bila kubwabwaja. Omba kujitolea, beba nyaya, kaa na fundi mitambo, kata jingo (vile vitangazo vifupi vya kituo), soma matangazo ya misiba kama ndo wamekupa hayo, yasome vizuri, maana kuna familia imekaa inasikiliza jina la mzee wao na ukikosea jina wanaumia.

Kuhusu lafudhi. Lafudhi ya nyumbani haina shida na wala usiigize ya Dar, ila r na l lazima ukae nazo chini. Mimi nilikuwa nasema "habali" bila kujua. Nilikuwa nikitembea kwenda kazini nasema peke yangu lori la Rujewa limelala barabarani Ruanda, mara ishirini, polepole alafu haraka, watu wananiangalia. Miezi kadhaa ikakaa sawa. Na usidharau kilugha, ukifika Tukuyu ukamwamkia mama wa kikundi cha ngoma ugonile, au Iringa ukaanza na kamwene, mahojiano yanafunguka hapo hapo kabla hata hujawasha maiki.

Shule na makaratasi

Hili watu hawapendi kulisikia ila nalisema kwa upendo. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi wa habari awe na ithibati, na kiwango cha chini kinachotakiwa ni diploma ya uandishi wa habari. Kuna Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari inayotoa kitambulisho. Kuripoti burudani ni kuripoti, usidhani kwasababu wewe ni wa muziki haikuhusu, siku ya tamasha kubwa mlangoni utaulizwa kitambulisho na mwenzako anapita wewe unabaki nje na kamera yako. Kusoma huhitaji kwenda mbali, Chuo Kikuu cha Iringa ambacho zamani tulikiita Tumaini kimefundisha uandishi wa habari muda mrefu, na ukitaka kwenda mbali kuna SAUT Mwanza na shule ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Ukitaka kufungua chaneli yako mwenyewe ya habari mtandaoni TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, wana leseni zake, kanuni zilitoka 2018 zikabadilishwa 2020 na zinaendelea kuguswa guswa, kwahiyo soma tovuti yao wakati unaanza na sio kusikiliza ya vijiweni. Na muziki wa watu unaouweka nyuma ya video zako una wenyewe, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo, ongea na msanii akupe ruhusa ya maandishi hata kwa meseji.

Stori yenyewe inavyotengenezwa

Stori ya burudani ya TV ni dakika moja na nusu, mbili ikizidi sana. Wengi wanaandika kwanza alafu wanatafuta picha za kubandika, ndo maana unasikia ripota anasema umati ulifurika huku picha inaonyesha viti vitupu. Angalia picha zako zote kwanza, andika baadae. Picha nzuri kuliko zote ianze, na kama una sauti nzuri ya mtu au ya ukumbi iache isikike sekunde tatu kabla hujaongea wewe. Sentensi moja pumzi moja.

Ukiwa na simu tu inatosha kuanzia. Ilaze, usiishike wima kama stori ni ya TV, kila picha ishikilie sekunde kumi bila kutikisa, piga pana, piga ya kati, piga mikono, piga uso wa mtu anayesikiliza maana wahariri wanalilia sana nyuso za wanaosikiliza na hakuna anayewaletea. Hela yoyote ya kwanza ukiipata nunua maiki ya kubana kwenye nguo, kabla hata ya simu mpya. Mtu anavumilia picha ya giza ila sauti mbovu anabadilisha chaneli. Na upepo wa huku unaujua, ukirekodi nje weka sponji kwenye maiki au hata soksi safi ya pamba, na mgeuze mgeni wako mgongo uzuie upepo.

Mahojiano sasa. Kuna swali naomba tulizike, lile la mashabiki wako wategemee nini. Msanii analijibu akiwa amelala, atasema wakae mkao wa kula na wewe utaondoka bila stori. Sikiliza wimbo wake mara tano kabla hujaenda, alafu muulize kuhusu mstari mmoja. Kijana mmoja wa Uyole nilimuuliza vesi ya pili uliiandika wapi, akanyamaza, akasema kwenye korido ya wodi mama yake akiwa amelazwa. Hakuna ripota mwingine aliyekuwa na hiyo. Ukishauliza kaa kimya, usimsaidie mtu kumalizia sentensi, kimya chako ndo kinamtoa maneno. Zamaradi Mketema alipokuwa na Take One Clouds TV, na Salama kwenye Mkasi, warudie uone wanavyosikiliza, usiangalie nguo angalia masikio.

Kiki na bifu zitakuja tu. Sheria yangu ni moja, kama stori inamtaja mtu mbaya basi huyo mtu ameshapigiwa simu kabla haijaruka, na kama hakupokea nimemtumia meseji na nimeitunza. Mapenzi ya mtu asiye msanii siyagusi. Binti aliyepigwa picha kwenye shoo na msanii ana wazazi Chunya au Makete wanaoangalia hiyo TV.

Na daftari. Kila shoo unayokwenda andika tarehe, ukumbi, nani alipanda, aliimba nini, kitu gani kilikaa vizuri, kitu gani kilivunjika, watu walifanya nini. Mistari minne mitano kwa kila mtu. Hata kama hairuki hewani. Shoo za shuleni, kwaya za Jumapili, mashindano ya ngoma kama yale ya Tulia Trust pale Rungwe, mbio zinapoisha wakipandisha wasanii, vyote. Fanya miaka mitatu bila kuruka utashangaa, sikio lako litaanza kukumbuka lenyewe, utamsikia mtu wa leo na utajua amemsikiliza nani na amekosea pale pale walipokosea wawili watatu waliomtangulia. Hicho ndo kitu cha kuuza. Sura nzuri zipo nyingi, mtu aliyewasikiliza wasiosikilizwa hayupo.

Bahasha na mambo mengine ya gizani

Utapewa bahasha. Promota atakwambia ya nauli tu. Nauli ichukue kituoni kwako, na kama kituo hakikupi mwambie promota asante nitakuja mwenyewe, ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), na uende hata kwa daladala. Siku utakayokaa kiti cha jaji yule promota anamleta mdogo wake kwenye usaili, na anakukumbusha kwa macho tu.

Dada zangu, hili naliandika nikiwa nimekaa vizuri. Kuna watu kwenye hii kazi wanaomba mwili ili wakupe kipindi, au wakuweke kwenye orodha ya safari. Nilishaambiwa hivyo nikiwa na miaka 22 na nilikaa kimya kwa sababu sikujua kama ni kosa la jinai. Ni kosa. Rushwa ya ngono iko kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, TAKUKURU namba yao ni 113 na ni bure. Tunza meseji zote, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, na vikao vya kazi fanyia mchana sehemu yenye watu. Na wewe ukishakuwa jaji, mshiriki yeyote wa kike au wa kiume asije chumbani kwako hotelini hata kuomba ushauri, ushauri unatolewa ukumbini mbele ya wengine.

Kuingia TV

Vituo vya Dar vina watu wanaowaletea stori kutoka mikoani na wanalipwa kwa stori, sio mshahara. Hela yenyewe ni ndogo, wakati mwingine haitoshi kwenda Tukuyu na kurudi, kwahiyo usiache kazi ya redio. Tengeneza video moja ya dakika mbili ya kazi zako bora, sekunde kumi za kwanza uonekane unaongea, alafu stori, alafu mahojiano, weka jina na namba mwisho. Tuma kwa mhariri pamoja na wazo la stori tatu za kwenu ambazo hawawezi kuzipata kwingine. Usitume "naomba kazi", tuma stori. Mimi iliyoniingiza ilikuwa ya kikundi cha wazee cha ngoma, sekunde tisini, niliirekodi kwa simu ya kuazima.

Ukikaa kiti sasa

Kwanza ujue TV inavyofanya kazi. Wale unaowaona wanaingia kwa majaji wameshapita kwa watu wa uzalishaji kwanza, kwahiyo wewe huoni wote. Siku ya kurekodi ni ndefu, unaweza kuingia asubuhi ukatoka usiku, nguo zile zile, maiki imewashwa muda wote hata ukinong'ona, kumbuka hiyo. Ukiongea dakika tano hewani zitabaki sekunde kumi na sio wewe unayechagua zipi. Kwahiyo usiseme sentensi ambayo ikikatwa peke yake inamvunja mtu. Usianze na kejeli ukidhani utamalizia na pole, ile pole itakatwa.

Maksi nazigawa hivi: sauti na kukaa kwenye ki (ufunguo wa wimbo), muda na biti, maneno yanasikika au hayasikiki, uso na mwili stejini, na upekee wake. Mshiriki wa kwanza usimpe ya juu sana hata akikutoa machozi, utakosa pa kumpeleka wa kumi na mbili. Wakifika kumi rudi nyuma uangalie kama bado unapima kwa kipimo kile kile, maana mchana njaa inapunguza maksi za watu na jioni uchovu unaziongeza, hilo nimeliona kwenye karatasi zangu mwenyewe. Pembeni ya kila namba andika neno moja la sababu.

Na kama usaili uko huku mwezi wa sita au wa saba, asubuhi, jamani ile baridi. Watoto wamelala kwa ndugu, wamepanga foleni tangu saa kumi na moja na umande, koo limekaza. Nawaomba waandaaji wawape maji ya moto na dakika za kupasha sauti. Walioimba asubuhi kwenye baridi na walioimba saa nane jua limetoka hawajapewa mashindano sawa. Kama hawawezi kuwapa basi mimi mwenyewe nampa mtu nafasi ya kuanza upya mara moja, bila kuomba.

Maoni yako yawe na kitu mtu anaweza kukifanya kesho. "Hujanigusa" sio maoni, ni hisia zako. Mwambie korasi ya pili ulipopanda ulitoka kwenye ki kwasababu pumzi ulishaimaliza kwenye kucheza, ushushe wimbo ki moja au usimame ukifika huo mstari. Ameelewa, mama yake nyumbani ameelewa, prodyuza pembeni yako anatikisa kichwa. Kama kuna zuri liseme zuri lenyewe, usimpambe kwa huruma, mtoto akipambwa anaacha shule anapanda basi. Nimeona.

Aliye chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni mtoto, hata kama ana ndevu na anaimba mapenzi. Uliza kabla kama mzazi amesaini na kama yupo ukumbini. Mtoto simwambii kitu kigumu kamera ikiwa usoni kwake, namwambia zuri hewani, gumu namwambia mzazi akiwepo.

Alafu undugu. Huku kwetu washiriki wengi majina yanaanza na Mwa, na watu wakiona jaji ni Mwa na mshindi ni Mwa basi maneno. Ukimjua mtu, mnasali wote, ulimhoji mara nyingi, ni mtoto wa jirani, sema kabla hajaimba na maksi zako zisihesabiwe. Na shindano unalojaji usiliripoti, mpe mwenzako.

Mkataba uwe wa maandishi: siku ngapi, nauli na malazi nani analipa, sura yako itatumika kwenye matangazo au hapana, unazuiwa kufanya kazi kwingine kwa muda gani, na hela inaingia tarehe ngapi. Shindano moja nilijaji siku mbili kwa maneno ya mdomo, nikafukuzia malipo miezi saba na nusu yake sijaipata mpaka leo. Sasa hivi nachukua nusu kabla sijakaa.

Likiisha usikimbilie kupiga picha na mshindi. Nenda nyuma waliko walioondolewa, kaa nao robo saa, wasomee ulichowaandikia, waulize wanasali wapi, wanarekodi kwa nani, namba ya kuwapata ipi. Zile karatasi za maksi usizitupe, usiku huo huo zinaingia kwenye daftari. Kijana wa Uyole niliyemtaja juu alitolewa raundi ya pili, na mwaka uliofuata kituo kimoja cha Dar kiliponipigia kuuliza kama kuna mtu Mbeya anaandika nyimbo vizuri, niliwasomea kutoka ukurasa wake.